Madoa ya maji magumu kwenye gari

Madoa ya maji magumu ni alama nyeupe, aghalabu za duara, zinazobaki juu ya rangi, vioo na vyuma vya gari baada ya maji ya kuoshea kukauka. Si uchafu uliomponyoka mwoshaji. Ni madini yaliyokuwamo ndani ya maji yenyewe, na ndiyo maana gari lililosuguliwa kwa bidii kisha likaachwa juani huweza kuonekana baya kuliko lilivyokuwa na vumbi lake. Magari meusi na ya rangi nzito huumbuka zaidi, kwa kuwa weupe wa madini hujitokeza wazi juu yake na bodi zake hupata joto haraka.

Chanzo chake

Ugumu wa maji hutokana hasa na kalsiamu na magnesiamu. Maji ya mvua yakipita hewani na udongoni huchukua kaboni dioksidi na kupata uasidi kidogo. Yakikutana na mwamba wa chokaa huuyeyusha polepole na kuubeba kama bikarbonati. Maji hayo yakipashwa moto au yakikauka, gesi hutoka na chokaa hurudi kuwa jiwe. Ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai huzaliwa hivyohivyo.

Kwa viwango vinavyotumika sana, ugumu huhesabiwa kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti: maji yenye hadi miligramu 60 kwa lita ni laini, ya 121 hadi 180 ni magumu, na yanayozidi 180 ni magumu sana. Asiye na kifaa cha kupimia atazame sabuni ya mche. Ikikataa kutoa povu na kuacha utando wa kijivu kwenye beseni, maji ni magumu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki hali hii haiepukiki kirahisi. Visima vingi vya Unguja na vya kisiwa cha Mombasa vimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, jiwe lilelile lililochomwa kupata chokaa ya kujengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe. Kisima kikiwa karibu na bahari, chumvi ya kawaida nayo huingia. Bara mambo ni tofauti: maji ya bomba ya Nairobi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mito ya milima ya Aberdare, ni laini. Lakini ulaini peke yake si kinga. Maji ya visima vingi katika Bonde la Ufa na upande wa Arusha yana kalsiamu kidogo na bikarbonati ya sodiamu nyingi, yaani yana tabia ya magadi. Povu litatoka vizuri tu, na bado gari litabaki na ungaunga mweupe. Kinachoamua doa ni jumla ya madini yote yaliyoyeyuka, si ugumu peke yake. Tofauti ni kwamba chumvi na magadi hutoka kwa kuoshwa tena, ilhali chokaa hung'ang'ania.

Jinsi doa linavyofanyika

Tone la kawaida lina takriban mililita 0.05. Likiwa la maji yenye miligramu 300 za madini kwa lita, litaacha miligramu 0.015 tu, kiasi ambacho mtu angekidharau. Ubaya ni kwamba madini hayo hayatawanyiki sawasawa. Ukingo wa tone hukauka kwanza, na maji ya katikati hukimbilia huko kujaza pengo, yakibeba kilichomo. Mtiririko huu ulielezwa mwaka 1997 na Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, walipokuwa wakichunguza kwa nini doa la kahawa huwa na pete nyeusi pembeni. Pete nyeupe kwenye boneti ni kazi ya nguvu ileile.

Wengi huamini kwamba tone hukusanya miale ya jua kama lenzi na kuunguza rangi. Imani hii haina mashiko: tone lililokaa juu ya bati huelekeza miale mbali chini ya uso, si juu yake. Hatia ya jua ni joto. Hukausha maji kabla kitambaa hakijafika, kisha huoka madini juu ya rangi.

Kuzuia

Doa halizaliwi wakati wa kuosha bali wakati wa kukausha. Watu hutumia fedha nyingi kwa shampuu na nta, wakasahau ndoo ya mwisho, na ndoo ya mwisho ndiyo yenye uamuzi. Gari lililooshwa kwa lita 100 za maji magumu halina madini ya lita 100; lina ya yale tu yaliyobaki juu yake. Yakibaki nusu lita ya maji ya miligramu 300, hiyo ni miligramu 150 za unga mweupe. Taulo likinyonya sehemu kubwa ya nusu lita hiyo, linaondoka na madini yake.

Kwa hiyo gari huoshwa kivulini, boneti ikiwa imepoa. Kama hakuna kivuli, asubuhi mapema hufaa kuliko mchana. Huanzwa juu, kipande kwa kipande, na sehemu iliyokwisha kusuguliwa hurushiwa maji mara kwa mara isikauke kabla ya kazi kumalizika. Sabuni ya mche haifai, kwa kuwa hugandana na kalsiamu na kuongeza utando. Shampuu ya gari haina tatizo hilo. Sabuni ya unga hutoa povu hata kwenye maji magumu, ila huondoa nta.

Wakati wa kusuuza mara ya mwisho, kichwa cha kurushia kitolewe kwenye mpira, maji yaachwe yatiririke taratibu kutoka kwenye paa. Yakishuka kama shuka moja huvuta matone mengi pamoja nayo. Yakirushwa kwa nguvu huacha maelfu ya matone madogo. Hapa nta ina sura mbili. Hufanya uchafu usishike, lakini pia huyakunja maji yawe matone ya mviringo, na kila tone likikauka hukusanya madini yake mahali padogo. Mwenye gari lililopakwa nta asidhani kwamba amesamehewa kukausha.

Taulo la maikrofaiba safi ndilo bora. Hulazwa na kuvutwa kwa upole, bila kusugua. Baada ya hapo hufunguliwa milango na buti, hufutwa kingo za vioo vya pembeni, taa, vitasa na nembo, maana maji hujificha humo na kuanza kuchuruzika gari likishaegeshwa. Kuliendesha kidogo kisha kufuta tena ni dawa rahisi.

Ndoo ya mwisho ikiwa ya maji yasiyo na madini, kazi hupungua sana. Mvua ya masika iliyovunwa kwenye paa la bati hufaa, mradi maji ya mwanzo yanayosomba vumbi na mavi ya ndege yamwagwe. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi ni mvuke uliogeuka maji, hivyo karibu hayana madini. Yachujwe kwa kitambaa tu. Maji safi ya kuongezea betri, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, hufaa kwa vioo, ingawa ni gharama kwa gari zima. Lazima lebo isomwe, kwa kuwa chupa inayofanana nayo huweza kuwa na asidi ya betri, na hiyo huharibu rangi, nguo na macho.

Mtambo wa kulainisha maji wa nyumbani hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu. Haupunguzi jumla ya madini, ila masalio yake hufutika kirahisi. Kuchemsha maji huondoa ugumu wa bikarbonati peke yake, na kumaliza gesi kwa ajili ya ndoo ya gari si busara.

Madoa mengine hayahusiani na kuosha kabisa. Gari linaloegeshwa chini ya bomba la simtanki linalofurika, au karibu na mpira wa kumwagilia bustani, litapata michirizi hata kama mwenyewe ni hodari.

Madoa yaliyokwisha kukaa

Doa la siku hiyohiyo mara nyingi hutoka kwa kuoshwa upya. La chokaa lililoganda huhitaji asidi hafifu: siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikipakwa kwa kitambaa kwenye bati lililopoa, ikaachwa dakika moja au mbili, kisha ikasuuzwa kwa maji mengi na kukaushwa. Maji ya limao yaliyochujwa hufanya kazi ileile. Vyote huipunguza nta, kwa hiyo ipakwe upya, na rimu za alumini isiyopakwa rangi ziepushwe. Siki haina nguvu juu ya madini mengine kama jasi na silika. Majivu, mchanga na waya wa kusugulia sufuria havitumiki popote kwenye gari.

Doa lisilotoka kwa siki, na ambalo ukucha ukipita huhisi kibonde, limekwisha kula lakiri. Tabaka hilo, ambalo mafundi huliita klia, lina unene wa takriban maikromita 35 hadi 50 tu, na kulipiga polishi ni kulipunguza. Kwenye kioo cha mbele madoa yana hatari yake: usiku hutawanya mwanga wa magari yanayokuja, na waipa huyaburuta madini kama msasa. Kioo hicho, hata pale ambapo hakuna muda wa kukausha gari zima, ndicho cha kufutwa kwanza.