Jembe, Wembe na Kinyota

Kuna watu bado wanaamini Kiswahili kililetwa na Waarabu. Hiyo stori nimeisikia darasani, kwa matatu, hata matangani. Kila nikiisikia nauliza swali moja tu: na jembe nalo lililetwa na nani?

Chukua jembe na wembe. Wingi wake ni majembe na nyembe. Ondoa vile viambishi vya mbele na unabaki na -embe. Kifaa kimoja kinakata udongo, kingine kinakata nywele. Ni shina moja limevaa nguo mbili.

Sasa sikiliza majirani. Mganda husema kugenda, Mbukusu husema khukenda, sisi tunasema kwenda. Sauti ni g Uganda, k Bungoma, na kwa Kiswahili imepotea kabisa. Kama huo mpangilio ni wa kweli, wembe wa Mbukusu unafaa kuwa na k. Na kweli uko nayo: lukembe. Hilo ndilo jina la kisu cha tohara, kile vijana wa Bungoma hukabiliana nacho Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Jembe lenyewe Wabukusu huliita embako, neno lingine kabisa. Kumbe shina la jembe letu lilibaki kwao upande wa kisu. Nenda Usukuma, Tanzania, na jembe ni igembe. Gikuyu ni icembe.

Wanaisimu wameyapanga maneno haya na kurudi nyuma hadi *-gembe. Hicho kinyota cha mbele ni cha maana sana. Kinasema: hakuna aliyewahi kuliandika neno hili, tumelijenga upya kutokana na wajukuu wake. Carl Meinhof, Mjerumani, alianza kazi ya aina hii mwaka wa 1899. Malcolm Guthrie wa London akachapisha juzuu 4 kati ya 1967 na 1971.

Lakini pole pole. Wazungumzaji wa kwanza wa Kibantu waliishi karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kabla ya chuma. Wafua chuma wa kale wa huku Ziwa Victoria, wale ambao vyungu vyao vimepewa jina la Urewe, kule Siaya, walikuja baadaye sana. Ndiyo maana Pierre de Maret na F. Nsuka, wakiandika kuhusu maneno ya uhunzi mwaka wa 1977, walionya kuwa maana huhama. Neno linaweza kuwa la kale na chuma kikawa kigeni. Huenda *-gembe ya kwanza ilikuwa ya mti au jiwe.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sijawahi kukaa darasa la isimu. Lakini hii hesabu unaweza kuifanya mwenyewe sokoni Kitale, ambapo Mbukusu, Mgikuyu na Mluhya wa kutoka Vihiga wananunua jembe kwa duka moja. Huku Trans Nzoia, ambapo watu wamewahi kufukuzwa mashambani wakiambiwa kwao si hapa, naona ni vizuri kujua hili: neno la kulimia halina title deed. Limepita kwa mikono mingi, na kila aliyelishika alilibadilisha kidogo kisha akalipitisha.