Attenborough: Ukoo Mdogo, Jina Kubwa

Chuo Kikuu cha Leicester, katikati ya Uingereza, kina jengo la ghorofa 18 liitwalo Attenborough. Anayelisikia jina hilo humkumbuka mara moja David Attenborough, mtangazaji wa filamu za wanyama, yule aliyekaa miongoni mwa sokwe wa milima ya Virunga nchini Rwanda mwaka 1978, katika mfululizo wa Life on Earth uliorushwa mwaka uliofuata. Lakini jengo si lake. Ni la baba yake, Frederick, aliyekiongoza chuo hicho kuanzia 1932 hadi 1951, na watoto wake wa kiume watatu walikulia humo humo chuoni. Mkubwa wao, Richard, ndiye aliyeongoza filamu ya Gandhi ya mwaka 1982, kisha Cry Freedom ya 1987 juu ya Steve Biko.

Kwa hiyo wengi tungeapa kwamba Attenborough ni jina la kawaida huko Uingereza, maana tumelisikia maisha yetu yote. Kumbe ni la watu wachache mno. Smith, jina linaloongoza nchini humo, lina watu zaidi ya nusu milioni. Kwa kila Smith 100 hutapata hata Attenborough mmoja. Umaarufu wa ndugu wawili umelikuza jina, ukoo wenyewe umebaki mdogo.

Jina lilianzia kijijini. Kusini magharibi mwa jiji la Nottingham, kando ya mto Trent, kipo kijiji kiitwacho Attenborough, chenye kanisa la kale la Mtakatifu Maria. Wataalamu wa majina ya mahali hulisoma jina la kijiji kuwa ni ngome ya mtu aliyeitwa Adda au Æddi, Mwingereza wa kabla ya Wanormani. Wapo waliolitafsiri jina la ukoo kwa njia nyingine: kwamba kwa Kiingereza cha zamani lingeweza kumaanisha mtu yeyote anayekaa penye ngome, popote pale. Ingekuwa hivyo, tungetarajia kuwakuta kina Attenborough wametapakaa nchi nzima, kila palipokuwa na ngome. Sivyo walivyo. Sensa ya mwaka 1881, ambayo watafiti wa majina huitegemea kuliko nyingine yoyote, inawaonyesha wamejazana upande wa Nottinghamshire na Derbyshire, yaani kijiji na majirani zake. Frederick mwenyewe alizaliwa Stapleford mwaka 1887, kilomita chache tu kutoka kijijini. Miaka mia tano na zaidi ilikuwa imepita tangu jina lishike, na ukoo ulikuwa bado unazunguka pale pale.

Hata hivyo, mtu mashuhuri zaidi aliyezaliwa kijijini Attenborough hakuitwa Attenborough. Ni Henry Ireton, aliyezaliwa mwaka 1611, jenerali wa upande wa Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mkwe wa Oliver Cromwell, na mmoja wa waliotia saini hati ya kumuua Mfalme Charles wa Kwanza. Hilo lisimshangaze msomaji. Mtu haitwi Mtanga akiwa Tanga. Huitwa hivyo akishahamia Morogoro. Jina la mahali humganda aliyeondoka, naye huliachia watoto wake.

Lakini kuganda huko kulichukua muda. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja, na kama wapo watatu wenye jina moja, mmoja ataitwa mfinyanzi, mwingine mwana wa fulani, wa tatu wa kule mtoni. Akifa, lake linakwenda naye. Wamiliki wa ardhi wa Kinormani ndio walioanza kurithisha majina, kwa kuwa jina lilitembea pamoja na shamba. Wakulima walifuata polepole, na kufikia mwishoni mwa karne ya 14 wengi wa kusini na katikati ya nchi walikuwa na majina ya kurithi. Kaskazini walichelewa zaidi. Kodi za kichwa za 1377, 1379 na 1381 zilimkuta karani wa serikali akihitaji kuandika kila mlipaji kwa namna ya kumtofautisha na jirani. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, akaamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Padri aliandika alivyosikia, ndiyo sababu jina moja huonekana kwa tahajia tatu au nne katika daftari moja.

Kwetu mambo hayakwenda hivyo, na ni vizuri kulikumbuka hilo tunaposoma takwimu zao. Kwa Waswahili wengi jina la mwisho ni la baba au la babu, na hubadilika kila kizazi. Koo kama Mazrui wa Mombasa, zenye jina lisilobadilika kwa karne kadhaa, ni chache. Kwa Mwingereza, jina la mwisho limesimama palepale kwa vizazi ishirini, na ndiyo maana linaweza kuhesabiwa, kuchorwa kwenye ramani, na hata kupimwa maabara.

Swali la kwa nini majina mengine hubaki ya watu wachache lilimkera Francis Galton, binamu yake Charles Darwin. Aliona koo kubwa za kale zikitoweka moja baada ya nyingine, na watu wakidai kwamba ukubwa na utajiri huwadhoofisha watu. Galton hakuridhika. Mwaka 1873 alilitangaza swali hilo kwa wanahisabati, na mwaka uliofuata akachapisha jibu pamoja na Henry Watson, padri aliyekuwa hodari wa hesabu. Hoja yao ni rahisi. Jina linafuata watoto wa kiume. Kila kizazi, baadhi ya wanaume hawaachi mtoto wa kiume: wengine hawaoi, wengine wanapata mabinti watupu, wengine wanazika watoto wao wangali wadogo. Ukianza na mwanamume mmoja, uwezekano wa jina lake kufa ndani ya vizazi vichache ni mkubwa sana, bila ya udhaifu wowote wala laana. Watson aliteleza alipohitimisha kwamba mwishowe kila jina litakufa, kosa lililosahihishwa na waliokuja baadaye, lakini kiini cha hesabu kimesimama hadi leo.

Chukua hesabu hiyo uipeleke Uingereza ya mwaka 1348, tauni ilipoingia na kuua kati ya theluthi na nusu ya watu. Majina yaliyokuwa ndiyo kwanza yameanza kushika yalifutika kwa maelfu. Mengine yaliponea kwa kijana mmoja. Kwa hiyo jina adimu la leo mara nyingi ni mabaki ya mlango mwembamba namna hiyo. Mtu asilidharau kwa uchache wake. Lililo la ajabu ni kwamba lipo.

Zamani mtafiti aliyetaka kujua chimbuko la jina hakuwa na zaidi ya hesabu na miguu yake. Henry Brougham Guppy, katika kitabu chake cha 1890 juu ya makao ya majina ya Uingereza, aliwahesabu wakulima peke yao, kaunti kwa kaunti, akiwatoa kwenye vitabu vya anwani. Aliwachagua wakulima kwa sababu wao ndio waliohama kidogo kuliko wote. Mimi naiona kuwa moja ya mbinu zenye akili zaidi katika historia ya majina: alimtafuta asiyeondoka ili amfahamu aliyeondoka.

Kisha maabara ikaingia, na hapa chuo cha Leicester kinarudi. Ndiko Alec Jeffreys alikogundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa alama za DNA yake. Miaka ishirini na kitu baadaye, chuoni hapo hapo, Turi King na Mark Jobling waliona kwamba jina la Kiingereza na kromosomu Y husafiri njia moja: vyote viwili hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kama wanaume wawili wenye jina moja wametoka kwa babu mmoja, kromosomu Y zao zinapaswa kufanana. Uchunguzi wao wa mwaka 2006, uliolinganisha jozi 150 za wanaume wenye jina moja, ulikuta karibu robo ya jozi hizo zina babu wa karibu. Kwa majina adimu zaidi ilikaribia nusu.

Mwaka 2009 wakatoa kazi kubwa zaidi, yenye wanaume 1,678 wa majina 40. Kina Smith hawakufanana kuliko watu wowote waliookotwa njiani, jambo la kutegemewa, kwani Smith maana yake ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Kina Attenborough walikuwa kinyume kabisa. Zaidi ya asilimia 70 yao walikuwa na kromosomu Y ya aina moja au zinazokaribiana mno. Mwanzilishi ni mmoja. Ramani ya 1881 na damu vilikubaliana. Watafiti walikadiria pia ni mara ngapi mtoto huchukua jina la mwanamume asiye baba yake wa damu, wakapata kwamba ni chini ya asilimia 5 kwa kila kizazi. Kiwango kidogo, ila kikirudiwa vizazi ishirini, kinatosha kuelezea wale waliobaki nje ya kundi.

Msomaji wa Afrika Mashariki atalipenda jambo jingine katika matokeo hayo. Kundi la kromosomu ya kina Attenborough ni lile ambalo wataalamu huliita E1b1b1. Nchini Uingereza ni nadra. Limejaa kaskazini na kaskazini mashariki mwa Afrika na kando ya Bahari ya Mediterania, na wanasayansi wanaona mzizi wake uko upande wetu huu wa bara. Safari hiyo ya kwenda Ulaya ni ya maelfu ya miaka, kabla ya kuwapo Uingereza wala jina lolote la ukoo. Lakini mwanamume mmoja wa Nottinghamshire alikuwa na kromosomu hiyo siku alipoitwa wa Attenborough, na bahati ya Galton na Watson ikaikuza.

Jina jingine katika orodha ile ya 40 lina habari nzito zaidi. Ni Revis, jina adimu la mashariki mwa Yorkshire. Mwaka 2007 timu hiyo ya Leicester ilitangaza kuwa mwanamume mmoja mwenye jina hilo, Mzungu asiyejua kuwa na asili yoyote ya Afrika, ana kromosomu ya kundi A1, tawi lililohesabiwa wakati huo kuwa la kale kabisa katika mti wa kromosomu Y, ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana Ulaya Magharibi. Ilipolinganishwa na mifano ya Afrika, ilielekea Afrika Magharibi. Wakawapima wanaume 18 wenye jina hilo hilo. Saba walikuwa nayo. Karatasi za parokia na sensa ziliwapanga hao saba katika koo mbili zinazorudi nyuma hadi mwishoni mwa karne ya 18, na vipimo vya maabara vikaashiria kwamba koo hizo zinaungana vizazi vichache kabla ya hapo.

Babu huyo Mwafrika aliingiaje? Waafrika wako Uingereza tangu enzi za Warumi. Kikosi cha askari wa Kimuri, yaani wa Afrika Kaskazini, kililinda Ukuta wa Hadrian katika karne ya tatu, na Mfalme Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia York mwaka 211. Mpiga tarumbeta mweusi John Blanke alilitumikia kasri la Henry wa Nane. Kisha ikaja biashara ya utumwa, iliyowafikisha Waafrika kwenye nyumba za matajiri wa Bristol, Liverpool na London. Huenda mtu huyo alilichukua jina mwenyewe; huenda mwanamke wa ukoo huo alimzaa mwana akampa jina lake. Lililo hakika ni kwamba wajukuu wake waligeuka Wazungu wa Yorkshire kwa sura, na ushahidi wa babu yao Mwafrika ukabaki kwenye kromosomu moja tu. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa kijenetiki wa aina hiyo kupatikana miongoni mwa watu wanaohesabiwa wenyeji wa Uingereza. Unapaswa kufundishwa shuleni, huko na huku.

Jina nalo linaweza kusafiri bila damu. Mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford aliwapima wanaume 48 wanaoitwa Sykes, jina la vijito vya Yorkshire, akakuta karibu nusu yao wana kromosomu moja. Dar es Salaam tunalijua jina hilo kwa sababu nyingine: Kleist Sykes, katibu mwasisi wa African Association mwaka 1929, na mwanawe Abdulwahid, miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Baba yake Kleist alikuwa Sykes Mbuwane, Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kuwa askari. Jina la kwanza la baba likawa la ukoo, kwa desturi yetu, na hakuna kijito cha Yorkshire ndani yake.

Kamusi kubwa ya majina ya koo za Uingereza na Ireland, iliyotolewa na Oxford mwaka 2016 katika majuzuu manne, imeweka mstari kwa watu 100: jina lenye watu zaidi ya hao lina haki ya kuingia. Attenborough limevuka, Smith halina haja ya kuulizwa. Chini ya mstari huo kuna majina yanayotegemea wavulana wachache wa kizazi hiki, na huko ndiko sheria ya leo itakakoleta tofauti. Mzazi wa Kiingereza yuko huru kumsajili mtoto kwa jina la mama, la baba, au yote mawili yaliyounganishwa. Binti sasa anaweza kuliokoa jina ambalo kwa hesabu ya Watson lilikuwa limekwisha. Mtafiti atakayekuja baada ya karne mbili atalikuta jina lingali hai, lakini kromosomu Y haitamwongoza tena kulifikia chimbuko lake, na itambidi arudi kwenye madaftari.