Nguo ya Mabegani na Safari ya Kutoka Utumwani

Kaniki, kanga na kitenge zote ni nguo za pamba, zote hutupwa mabegani, na asiyezijua atadhani zinatofautiana kwa rangi tu. Historia ya Unguja inaonyesha kwamba tofauti ya kaniki na kanga ilianzia kwenye hadhi ya mvaaji. Katika karne ya 19 mjakazi alijifunga kaniki, nguo ya bei rahisi iliyotiwa nili, au merikani, kitambaa kisichopaushwa kilicholetwa na meli za Marekani. Kwa mavazi hayo alitambulika toka mbali. Amri ya 1897 ya kukomesha utumwa ilipotoka, wanawake wengi walioachwa huru waliyatupa, wakavaa kanga: doti nzima, upande mmoja wa kujifunga, wa pili wa kujitanda kichwani na mabegani.

Wapo watakaosema hayo yalikuwa mambo ya soko tu: wafanyabiashara walileta mitindo, wanawake wakaifuata. Soko lilichangia, hilo halina ubishi. Huko Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza 1887 na likavuma kwa kanga zake. Lakini soko halielezi kwa nini mtu aliyetoka utumwani, asiye na akiba, aache kaniki iliyo rahisi na isiyochakaa upesi, anunue kanga ambayo mtindo wake ungepitwa baada ya muda mfupi. Alichokinunua ni nafasi ya kupita mtaani bila nguo yake kumtangaza kuwa mtumwa.

Kitenge kina asili nyingine: batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi, rangi zikakolea pande zote mbili. Kanga huchapwa upande mmoja, ina pindo kuizunguka, mji katikati na jina, yaani maneno yake, chini ya mji; ukiikata hovyo umeiharibu. Kitenge hakina mipaka hiyo, ndiyo maana fundi cherehani hukigeuza gauni bila taabu. Ni kweli leo wengi hujitanda mtandio wa dukani juu ya gauni hilo, na hakuna anayewauliza. Hata hivyo, msibani na kwenye shughuli za wanawake wa pwani, kanga bado ndiyo hutandwa. Kitenge kimeishinda kwa mshono. Hakijabeba historia ya nguo ambayo mwungwana na aliyekuwa mjakazi wake waliweza kujitanda sawasawa.