Usaha wa sikio: kutoka nyundo na patasi mpaka hadubini

Mara hii tunaandika historia ya kitu ambacho kambini karibu kila familia inakijua: sikio linalotoa usaha. Watu wanasema "ni sikio tu". Mtoto anawekewa pamba, anatiwa mafuta au maziwa ya mama, maisha yanaendelea. Tunaomba msome mpaka mwisho, maana hilo "sikio tu" limewahi kuua hata watu waliokuwa na madaktari wao wenyewe.

Kwanza tuelewane sikio lilivyo. Tundu la nje linaishia kwenye ngoma ya sikio, utando mwembamba sana. Nyuma ya ngoma kuna kijumba chenye hewa, na ndani yake vifupa vitatu vinavyopokezana sauti. Sasa gusa nyuma ya sikio lako, utakuta mfupa. Nje ni mgumu, lakini ndani una vishimo vishimo kama sega la nyuki, na vimeungana na kile kijumba. Kati ya hapo na ubongo kuna ukuta mwembamba tu wa mfupa. Usaha ukijaa mle na kukosa njia, unakula mfupa. Ukivuka ukuta, umefika kwenye ubongo.

Madaktari wa zamani waliliona hilo, ila kulitibu ilikuwa hatari. Katika karne ya 18, Jean-Louis Petit wa Paris aliandika jinsi ya kufungua mfupa wa nyuma ya sikio ili usaha utoke. Mwaka 1776 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Jasser alimfanyia hivyo askari mmoja mwenye usaha, na akapona. Habari ikaenea, na wengine wakadhani huo ndio mlango wa kutibu kila uziwi. Johann von Berger, daktari wa mfalme wa Denmark, alikuwa hasikii vizuri na masikio yake yanavuma. Hakuwa na usaha. Akaomba afunguliwe mfupa, na mwaka 1791 akafa siku chache baada ya upasuaji, ubongo wake umeingiliwa na uchafu. Baada ya hapo madaktari wengi wakaogopa. Kwa miaka karibu 80 kazi hiyo ikawa kama imefungiwa kabatini, na hata wale waliokuwa na usaha wa kweli wakakosa msaada.

Kilichofungua kabati ni vitu viwili vilivyotoka nje ya mambo ya sikio. Mwaka 1846 huko Boston, Marekani, ilionyeshwa hadharani kwamba mtu anaweza kulazwa kwa etha akapasuliwa bila kusikia maumivu. Mwaka 1867 Joseph Lister, huko Uingereza, akaeleza jinsi ya kuua vijidudu kwenye kidonda. Basi mwaka 1873, Hermann Schwartze na mwenzake Adolf Eysell wa mji wa Halle, Ujerumani, wakaandika hatua kwa hatua namna ya kufungua mfupa ule kwa nyundo na patasi, na nani hasa anafaa kufunguliwa. Sio kila kiziwi: ni yule ambaye usaha umemjaa kwenye mfupa. Hapo ndipo upasuaji huu ulianza kuokoa watu kwa uhakika zaidi.

Lakini hata hivyo wengi waliendelea kufa. Mfano ni Oscar Wilde, mwandishi maarufu wa Ireland. Baba yake, William Wilde, alikuwa bingwa wa masikio mjini Dublin, na mwaka 1853 alitoa kitabu kizima cha upasuaji wa masikio. Kumbe mtoto wa huyo huyo bingwa alipasuliwa sikio Paris mwezi wa 10 mwaka 1900, na tarehe 30 Novemba akafariki. Madaktari waliochunguza habari zake wengi wanaona ugonjwa ulitoka sikioni ukaingia kwenye ubongo. Jina kubwa halikumsaidia. Dawa ya kuua vijidudu ndani ya mwili ilikuwa haijapatikana bado.

Dawa hiyo, penisilini, iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, na ikaanza kuwafikia watu wengi miaka ya 1940. Usaha wa ghafla ukawa unatibika kabla haujala mfupa. Na hapo swali la madaktari likabadilika. Zamani waliuliza: huyu ataishi? Sasa wakauliza: huyu atasikia?

Jibu lilihitaji macho, maana vifupa vile ni vidogo mno. Mwaka 1921 Carl-Olof Nylén wa Stockholm, Sweden, alitumia hadubini kwenye upasuaji wa sikio. Wapasuaji wa sikio ndio waliotangulia, upasuaji wa aina nyingine ukawafuata. Miaka ya 1950, Horst Wullstein na Fritz Zöllner wa Ujerumani wakaonyesha kwamba ngoma iliyotoboka inaweza kuzibwa kwa kipande cha ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Baadaye ukatumika utando wa msuli ulio juu ya sikio, na mpaka leo unatumika. Patasi nayo iliachia nafasi mashine ndogo ya kutoboa, kama ile ya daktari wa meno.

Sasa turudi kwetu. Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tunawaona vijana wenye sikio lililoanza kutoa usaha wakiwa wadogo. Darasani wanakaa nyuma, mwalimu anauliza, hawajibu, wenzao wanacheka. Wengine wanaacha shule kabisa, na watu wanasema hana akili. Akili anayo. Ngoma ya sikio lake ndiyo imetoboka. Kwenye rufaa za kwenda hospitali kubwa, sikio linawekwa chini kwa sababu "haliui". Historia inasema linaweza kuua, na lisipoua linaweza kumfungia mtu mlango wa masomo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu 60% ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika.

Na mwanzo wa tiba sio ghali. Sikio likitoa usaha zaidi ya wiki 2, hilo ni ugonjwa sugu. Likaushwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, mara kadhaa kwa siku, bila kusukuma ndani sana, na mgonjwa apewe matone ya dawa kituo cha afya. Msitie mafuta wala majani, na maji ya kuoga yasiingie. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, uso umepinda upande mmoja, au homa na shingo kukakamaa, usingoje kesho. Huko ndiko usaha unavuka ukuta.

Ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mkipanga orodha ya rufaa msiulize tu nani anakufa leo. Ulizeni pia nani anaacha shule. Na wewe kijana unayeficha sikio lako kwa pamba, njoo tukusindikize kituo cha afya.