Asili na Maana za Neno "Pilipili"

Mwanafunzi akiulizwa asili ya neno pilipili, mara nyingi hujibu upesi: "Kiarabu." Mwingine, akisikia pili iliyorudiwa, hulihusisha na namba mbili. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba majibu hayo hayatoshi. Jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha hapa Kamina, ambako Kiswahili huishi kando ya Kiluba na pengine huitwa lugha ya kuja.

Tuanze na umbo. Kiarabu husema filfil au fulful. Sauti f haikisumbui Kiswahili: faida, fedha na fikira zimetoka katika Kiarabu, na f yake imebaki. Kama neno letu lingetoka huko moja kwa moja, tungetazamia filifili. Ile p inatuelekeza kwenye Kiajemi cha kale, kilichosema pilpil. Kiarabu, kisicho na p, ndicho kilichoigeuza kuwa f. Kiswahili kiliongeza irabu tu, ili kila silabi iwe wazi. Hapo neno likafanana na polepole na mengine ya kurudufishwa, lakini hiyo ni sadfa.

Nyuma ya Kiajemi kuna Kisanskriti. Humo pippala ni tunda dogo, hasa la mtini mtakatifu wa Wahindi. Katika Rigveda, ndege wawili wamekaa juu ya mti mmoja, na mmoja wao anakula pippala, tunda tamu. Umbo la kike, pippalī, likawa jina la kiungo kirefu chenye ukali, ambacho Atharvaveda inakitaja kama dawa. Wagiriki wakaliazima wakasema péperi, Warumi piper, Wafaransa poivre.

Yafaa tukumbuke kwamba hadi hapo pilipili nyekundu ya sokoni kwetu haijatajwa. Mmea wake ni wa Amerika, nao ulivuka bahari baada ya 1492. Wareno wakaueneza Afrika na Asia. Kitu kipya kikavishwa jina la zamani. Kwa kutofautisha, Waswahili wakakiita kile kiungo cheusi pilipili manga, yaani ya Uarabuni, ijapokuwa kilikuwa zao la Uhindi: jina lilimfuata mchuuzi, si mkulima.

Kiswahili kilifika Katanga kwa misafara ya karne ya 19, iliyofika hadi Bunkeya kwa Msiri. Kisha kikaenea kwa migodi na kwa reli, ambayo mwaka 1928 iliunganisha Bukama na Ilebo kwa kupitia Kamina. Leo Mkongo anaposema Kifaransa, ile kali huiita pili-pili na ile manga huiita poivre. Pasipo kujua, ameketisha mezani wajukuu wawili wa bibi mmoja: mmoja alipitia Roma, mwingine pwani ya Bahari ya Hindi.

Basi, neno hili ni la nani? Swali lenyewe halina msingi, kwa kuwa kila lugha iliyolipokea ililibadili umbo au maana, hata tunda tamu likawa kitu cha kuwasha ulimi. Sisi tunasema mpilipili na mipilipili. Neno lililokwisha kupata mti wake katika ngeli zetu si mgeni tena. Wala lugha inayolisema haifai kuitwa hivyo.