Nani Aamue Mwanafunzi Akae Wapi?

Wasikilizaji, juma hili nimesikia tena mabishano yale yale: je, mwanafunzi wa chuo kikuu aachiwe achague mwenyewe kusoma kwa intaneti au kuhudhuria darasani? Wanaopinga husema hili ni jambo geni lililoletwa na kompyuta. Si geni hata kidogo.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliondoa sharti la kuhudhuria masomo katika vyuo vilivyotambuliwa. Mtu akilipa ada na kufaulu mtihani alipewa shahada, isipokuwa ya utabibu. (Wanawake walifungiwa mlango hadi 1878, kwa hiyo tusiwasifu mno.) Zaidi ya miaka mia moja baadaye mlango huo ulimfikia Nelson Mandela, aliyejiandikisha kusomea sheria London akiwa nyuma ya nondo. Shahada yenyewe aliipata mwaka 1989, angali mfungwa, kutoka UNISA, chuo cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa mbali.

Hapa kwetu tulianzia upande wa pili. Oktoba 1961 chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa katika jengo la TANU, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi hawakufika hata ishirini. Baadaye kikahamia Mlimani, na kwa muda mrefu kusoma chuo kikuu kukawa na maana ya kuupanda mlima ule. Waliobaki bondeni hawakuulizwa.

Ndipo Sheria namba 17 ya 1992 ikaunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Makamu mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, na wanafunzi wa mwanzo wakaanza 1994. Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, alijiandikisha miaka ile. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka bahasha za kaki, taa ya chemli, na mkewe akitunyamazisha sisi tuliokuwa tukicheza uani. Alimaliza baada ya miaka mingi. Alipopeleka cheti katika ofisi moja kuomba apandishwe daraja, karani alimtazama akamwuliza: "Mzee, hii ndiyo ile ya posta?"

Swali lile ndilo linalonifanya nisimame upande wa hiari, ila iwe hiari kweli. Mwaka 2020 korona ilipofunga vyuo, katika nchi nyingi wanafunzi walihamishiwa kwenye intaneti kwa amri. Hapo hakuna aliyechagua. Na kijana anayesoma nyumbani kwa sababu hana kodi ya chumba mjini, naye hakuchagua. Mfuko wake umemchagulia. Tena yapo masomo yasiyokubali. Daktari hawezi kujifunza kushona kidonda kwa kutazama kioo cha simu, na hata London mwaka ule waliliona hilo.

Lakini kwa sheria, historia, lugha au biashara, mtihani uwe mmoja, chumba kimoja, msimamizi yule yule, kwa aliyehudhuria na asiyehudhuria. Karani akiuliza tena, aonyeshwe alama.

Mwalimu wetu, kwa taarifa yenu, alipandishwa daraja mwaka uliofuata. Alikuwa amekwenda pale ofisini mara nne.