Azimio la Musoma na Mtoto Asiyejua Kusoma

Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma na kupitisha uamuzi ambao hadi leo tunauita Azimio la Musoma. Sisi wa vyuoni hulikumbuka zaidi kwa kipengele kimoja: mhitimu wa sekondari alitakiwa kwanza kufanya kazi ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu. Kipengele kizito zaidi kilikuwa kingine. Azimio liliagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe ameingia darasani.

Mahali pa uamuzi huo palikuwa na maana yake. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama kuja kuanza shule Mwisenge, hapo hapo Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Watoto wengi wa rika lake katika Uzanaki hawakuipata nafasi hiyo. Anayelibeza Azimio leo na akumbuke hilo kwanza.

Hata hivyo, Azimio lilihesabu watoto walioingia darasani. Halikuuliza ni nani kati yao aliyetoka akijua kusoma. Madarasa yalifurika, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Ndio tuliowaita walimu wa UPE. Siwalaumu. Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati hufundisha kwa kiitikio: ba, be, bi, bo, bu, na darasa zima linajibu. Katika kiitikio hicho mtoto asiyeweza kusoma hujificha vizuri sana.

Nilikaa dawati moja na mtoto wa namna hiyo. Nilianza darasa la kwanza Bunda mwaka 1988, na jirani yangu alikuwa amekariri kitabu chote kwa kusikia. Alifungua ukurasa, akatazama picha, akatiririka. Siku moja mwalimu aliiziba picha kwa kiganja, mwenzangu akanyamaza. Alichapwa. Mimi nilikuwa monita, na nilipoagizwa kuorodhesha wavivu, niliandika jina lake la kwanza, ingawa hakukosa shule hata siku moja.

La kushangaza ni kwamba nchi hii ilikuwa tayari imejifunza kumtambua asiyejua kusoma mmoja mmoja, tena katika kanda hii hii. Kuanzia mwaka 1968, mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa katika mikoa ya ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, na Mara ikiwamo. Mkulima alisoma kitabu cha pamba na mvuvi kitabu cha uvuvi. Katika kampeni ya kitaifa iliyofuata, wanakisomo walipimwa kwa mitihani na kupangwa katika hatua nne. Aliyehesabiwa kuwa anajua kusoma ni yule aliyefika hatua ya tatu au ya nne. Kuandikishwa tu hakukutosha. Baba angeweza kupimwa jioni alichoweza kusoma, wakati mwanawe asubuhi alipimwa kwa mahudhurio.

Mara ina ugumu wake wa ziada. Mtoto anaweza kuingia darasa la kwanza akiwa na Kijita, Kiikizu, Kizanaki au Kikurya, na Kiswahili kidogo tu. Mtoto wa Kikurya akisoma "rara" mahali palipoandikwa "lala", hajakosea kusoma. Ametamka kwa sauti za kwao. Mwalimu asiyelijua hilo atamsahihisha asiye na tatizo na kumpita mwenye tatizo.

Tatizo lenyewe lina historia ndefu kuliko shule zetu. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu katika mambo mengine, ambaye maneno yaliyoandikwa hayakumwingia. Leo tunajua kwamba ubongo wa binadamu hauzaliwi na sehemu ya kusoma. Hujifunza kuunganisha sehemu za kuona na za kusikia lugha, na kwa baadhi ya watoto muunganiko huo huja kwa shida. Mara nyingi hali hii huandama ukoo. Maandishi ya Kiswahili hufuata sauti kwa uaminifu, kwa hiyo mtoto wetu pengine hatakosea maneno mengi. Atasoma polepole mno, na mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Sisi husema ni mvivu.

Msaada wake si wa ajabu. Macho na masikio yapimwe kwanza. Kisha acheze na sauti kabla ya herufi: ondoa "ka" katika "kalamu", kinabaki nini? Aandike silabi mchangani huku akizitamka, dakika chache kila siku, katika kikundi kidogo, na aongezewe muda kwenye mtihani. Chuo cha Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Mkazo wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu uliowekwa katika madarasa mawili ya mwanzo tangu 2015 nao ni hatua, lakini mwalimu wa kawaida, mwenye darasa lililojaa, ndiye anayekutana na mtoto huyu kwanza.

Likizo iliyopita nilikutana na jirani yangu wa dawati huko Butiama. Ni fundi wa pikipiki. Husikiliza injini akataja ugonjwa wake kabla ya kushika spana. Alitoa karatasi mfukoni. "Monita, hebu nisomee hapa wameandika nini." Ilikuwa ripoti ya binti yake wa darasa la tatu. Iliandikwa: mvivu, aongeze bidii.

Nilimwita binti, tukacheza ule mchezo wa "kalamu". Alihangaika. Baba yake alitutazama, kisha akauliza, "Alichonacho huyu, ndicho nilichokuwa nacho mimi?" Nikamwambia inaelekea ndivyo. Akakaa kimya kitambo.

"Basi waandikie walimu wake," akasema. "Wewe ndiye uliyeandika langu."

Niliandika kurasa mbili, nikamsomea kwa sauti kabla ya kuifunga bahasha.